Nani Anawachotea?

Usiku wa tatu bomba lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza. Nilikuwa na povu la sabuni kichwani. Nje baridi ya Januari ilikuwa inauma, na ndani ya kile kibafu, ambamo huwezi kugeuka bila kugonga kiwiko, nilimsikia kaka yangu akicheka upande wa pili wa mlango.

"Mdogo wangu, ndiyo yameisha hayo. Mtoto wa Mvumi umetumalizia maji!"

Tulikuwa Quartzsite, magharibi mwa jimbo la Arizona, karibu na mpaka wa California. Kaka amestaafu uuguzi huko Phoenix, na yeye na wifi wamenunua gari la mtumba lenye vitanda, jiko, friji na choo, yale ambayo Wamarekani huyaita RV. Kila majira ya baridi huliendesha jangwani wakakaa wiki kadhaa. Nilipokwenda kuwatembelea wakanichukua.

Quartzsite ina wakazi elfu chache tu, na kiangazi joto lake hupita nyuzi 40. Lakini baridi inapoingia, magari ya aina hiyo hujaa mpaka chini ya vilima. Wengi ni wazee waliokimbia theluji ya Minnesota, Michigan na Kanada. Wenyewe hujiita ndege wa theluji. Serikali ya shirikisho imewatengea eneo la La Posa, ambako kwa kibali mtu anaweza kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Mahali pako ni changarawe, vichaka na anga. Umeme unautoa juani, maji unakuja nayo.

Tangi letu lilikuwa na lita 150. Ukutani kuna kidude chenye taa nne ndogo: limejaa, theluthi mbili, theluthi moja, tupu. Pembeni kuna taa za matangi mengine mawili, la maji ya kuoshea na la choo. Hayo yanajaa kadiri lile la kwanza linavyopungua, kwa sababu hakuna mfereji wa kupeleka uchafu wako kwa mwingine. Unalala juu yake. Wifi huosha vyombo vya watu watatu kwa sufuria moja ya maji. Mimi nilikuwa naviosha bomba likiwa wazi, huku nikisimulia habari za nyumbani.

Kilichonitia aibu si sabuni kichwani. Ni kwamba hesabu hii nilizaliwa nayo. Nyumbani kwetu Mvumi, enzi za utoto, kiangazi kikikaza, mama na wenzake walikuwa wakiondoka alfajiri kwenda korongoni. Wanachimba mchanga, wanasubiri maji yajikusanye, wanachota kwa kata, taratibu, wasiyatibue. Dumu la lita 20 kichwani, kilomita kadhaa kurudi. Maji ya kunawia uso yalinawia miguu, halafu yakamwagwa kwenye mche wa mwarobaini. Mwarobaini ule upo mpaka leo, una kivuli cha watu kumi. Mimi nikahamia Dar es Salaam, nikaweka simtank juu ya paa, na siku za mgao nalalamika kama mtu ambaye hajawahi kuliona korongo.

Asubuhi nilifuatana na kaka kwenye foleni ya maji. Karibu wote walikuwa wanaume, wazee wa miaka 70 na kitu, na mipira yao ya bustani na madumu ya bluu. Mmoja aliniambia kwa fahari kwamba jana yeye na mkewe walitumia lita 12 tu. Nikiri kwamba nilikereka. Kule kwetu sijamsikia mtu akijisifia lita 12. Huyu ikifika Aprili anawasha gari anarudi kwenye nyumba yenye mabafu mawili. Mama yangu hakuwa na Aprili. Lakini nilipomwona analiinua dumu kwa mikono miwili, anapumzika, analiinua tena, kero ikapungua. Walau anaujua uzito wake. Kule Phoenix kaka anafungua bomba ambalo sehemu ya maji yake imepanda mfereji kutoka ziwa Havasu, kwenye mto Colorado. Mfereji huo una urefu wa kilomita 540 hivi mpaka Tucson, na pampu huyainua maji karibu meta 900 njiani, kwa umeme mwingi ajabu. Mzigo upo palepale, ila hakuna shingo inayoumia.

Alasiri tulikwenda makaburini. Katikati ya makaburi ya kawaida kuna piramidi ndogo ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba. Amelala hapo Haji Ali. Alitoka dola ya Uthmaniyya mwaka 1856, pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu jangwani. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Mwaka 1857 ngamia walibeba mizigo ya msafara uliopima njia ya kwenda California, na sehemu kubwa ya njia ile baadaye ikafuatwa na barabara ya 66. Ngamia walifanya kazi vizuri. Waendesha nyumbu wakawachukia, farasi na nyumbu wakawakimbia, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, jeshi likawauza, wengine wakapotelea nyikani. Haji alifariki mwaka 1902, na piramidi ilijengwa mwaka 1935. Nilimsomea Fatiha, kaka akanisubiri kimya huku kavua kofia.

Siku ya kuondoka ilikuwa zamu yangu kumwaga matangi. Kaka alinipa glavu, akakaa kando na kahawa yake, akifurahi kupita kiasi. Unaunga bomba nene kwenye shimo la kituo, unafungua la choo kwanza, kisha la maji ya kuoshea lisafishe njia. Harufu yake sitaieleza.

Usiku nikampigia mama. Nikamweleza kuhusu wazee wa Kizungu wanaolipa kuishi mahali pasipo na maji. Hakushangaa sana, ameshasikia mengi ya Marekani.

"Sasa nani anawachotea?"

"Wanachota wenyewe, mama. Wanapanga foleni na madumu."

Akanyamaza kidogo.

"Na wanaume?"

"Ndio hasa wanaochota."

Akamwita jirani aje asikie. Nikawasikia wote wawili wanacheka, simu imewekwa mezani, mpaka salio likakata.