Hajarogwa Huyo!

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, leo sina maneno laini.

Kijana anaanza kucheka peke yake. Anasikia sauti zinamwita kutoka migombani. Siku moja anamshikia baba yake panga. Ukoo unakaa kikao na jibu linapatikana upesi: amerogwa. Mbuzi anauzwa, kahawa inauzwa ingali shambani, mganga anafuatwa hadi ng'ambo ya mpaka. Na msokoto wa bangi uko chini ya godoro la kijana huyo huyo. Mama ameuona mara tatu akitandika, akanyamaza.

Mama, hajarogwa huyo! Anavuta!

Nani asiyejua inakopatikana? Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, Rusumo, Kabanga: malori ya Rwanda na Burundi yanapita, mengine yanalala, na si kila kinachouzwa usiku ni chai na chapati. Lakini madereva tusiwabebeshe mzigo wote. Anayeficha bangi katikati ya mahindi yake naye ni wa kwetu, na Jumapili tunaimba naye.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka kama 25. Bangi ikimkuta mtoto wa miaka 14, inamsogeza karibu na wazimu, hasa kama ugonjwa huo umo katika ukoo. Si kila mvutaji ataugua, na hapo ndipo Shetani anapopata hoja: "Fulani anavuta tangu ujana, mbona analima vizuri?" Fulani alivuka Ruvubu siku ambayo mamba ameshiba. Je, nawe umtupe mwanao mtoni ujaribu?

Esau alirudi kutoka porini na njaa, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Angalau yeye alishiba! Kijana wetu anauza shamba la marehemu baba yake kipande kwa kipande, kwa kete na gongo, na jioni bado ana njaa.

Nasi wachungaji tuna kesi. Tumemfunga kamba, tumemkemea pepo usiku kucha, asubuhi tukamrudisha kijiweni kwa wale wale. Maombi siyaachi! Lakini aliyevunjika mguu tunamwombea huku tumembeba kwenda hospitali. Tangu 2011 Muhimbili inawapa mateja wa heroini dawa ya methadoni, wanywe kila siku, arosto isiwarudishe kwenye sindano. Serikali imekubali kwamba uraibu ni ugonjwa; kanisa linangoja nini? Bangi haina methadoni yake. Inadai daktari, mshauri, muda mrefu, na nyumba isiyomfukuza mtoto.

Muuzaji mtaje. Namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Akiwa shemeji yako, mtaje vilevile.

Na kesho ni Jumatatu. Mpeleke mwanao hospitali, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, popote palipo karibu. Usimwambie daktari kwamba ni malaria imepanda kichwani. Mwambie neno lenyewe: anavuta bangi, tangu lini, kiasi gani. Na ile kamba mikononi mwake, ifungue kabla hamjatoka nyumbani.