Siku Moja Ina Saa Ngapi? Muda, Kipimo na Haki katika Programu Huria

Swali la iwapo muda umo katika ulimwengu wenyewe au ni kazi ya akili inayopima limewashughulisha wanafalsafa na wanatheolojia tangu kale, na mara nyingi limejadiliwa kana kwamba jibu lake haliyagusi maisha ya kila siku. Hata hivyo, wapo watu wanaolazimika kulijibu kila wanapoketi kazini, nao ni waandishi wa programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Anayeandika programu ya kuhesabu muda wa kazi hana budi kuamua saa 36 zionekane vipi kwenye skrini: kama saa 36, kama siku moja na saa 12, au kama siku nne na nusu za kazi. Uamuzi huo huonekana mdogo, lakini umebeba hukumu kuhusu siku ni nini, na kuhusu nani mwenye haki ya kuifasili.

Aristotle aliueleza muda kuwa ni hesabu ya mwendo kwa kufuata kilichotangulia na kilichofuatia, na sayansi ya leo imeifuata njia hiyo hiyo, kwani tangu mwaka 1967 sekunde imefasiliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho unaotokana na atomu ya sesiamu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake, aliona upungufu katika njia hiyo: kilichopita hakipo tena na kijacho hakijafika, hivyo anayepima urefu wa silabi iliyokwisha kutamkwa hupima kile kilichobaki katika kumbukumbu yake. Kila mmoja wao ameshika upande mmoja wa ukweli, na programu ya kompyuta huhitaji pande zote mbili, kwa sababu mashine huhesabu sekunde ilhali anayesoma skrini ni mwanadamu, ambaye hupanga maisha yake kwa siku, juma na mwezi.

Ugumu huanzia kwenye siku. Mfano ulio wazi ni Org, programu huria ya kuandika kumbukumbu na kupanga kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki wa Amsterdam, ambayo huendeshwa ndani ya kihariri cha Emacs. Mtumiaji anapoanza kazi na anapoimaliza, Org huandika katika faili ya maandishi ya kawaida wakati wa mwanzo, wakati wa mwisho, na jumla iliyopatikana. Kwa chaguo-msingi, yaani mpangilio unaotumika mtumiaji asipochagua chochote, jumla ya saa 36 huonyeshwa katika ripoti kuwa siku moja na saa 12, kwa kuwa siku imefasiliwa kuwa dakika 1,440. Lakini jedwali la vipimo hivyo liko mikononi mwa mtumiaji, na akiamua kwamba siku yake ni saa nane za kazi, saa zile zile huwa siku nne na saa nne. Akitaka saa na dakika pekee, siku hutoweka kabisa kwenye ripoti. Katika faili yenyewe, mwanzo na mwisho hubaki kama vilivyoandikwa.

Programu nyingine zimefikia hukumu tofauti, na tofauti hizo si ndogo. GitLab, inayotumiwa na vikundi vya waandishi wa programu kusimamia kazi zao, huhesabu siku kuwa saa 8, wiki kuwa siku 5 na mwezi kuwa wiki 4, kwa hiyo mwezi wake una saa 160. Systemd, inayoendesha huduma za mfumo katika kompyuta nyingi za Linux, huhesabu mwezi kuwa siku 30.44, yaani zaidi kidogo ya saa 730. Neno ni moja, ilhali mwezi mmoja unazidi mwingine zaidi ya mara nne. Hakuna kati ya miezi hiyo uliokosewa: wa kwanza ni mwezi wa mfanyakazi, na wa pili ni wastani wa mwezi wa kalenda ya jua. Kosa litatokea pale namba ya mmoja itakaposomwa kwa fasili ya mwingine, na msomaji asipewe njia ya kuligundua.

Hapa ndipo dini zina la kufundisha, kwa kuwa zilikutana na tatizo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyefiwa na mumewe, naye hana mimba, hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na miezi inayokusudiwa ni ya mwandamo, ambayo kila mmoja huwa na siku 29 au 30. Programu itakayoipokea eda hiyo na kuigeuza mara moja kuwa saa kwa kutumia wastani wa siku 30.44 itapata siku 131 na zaidi, ilhali hesabu ya mwandamo hukaribia siku 128, na mjane atakuwa ameongezewa siku tatu au zaidi ambazo sheria haikumwekea. Kwaresima nayo, kwa Wakristo wa mapokeo ya Roma, ina siku 46 kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, lakini huitwa siku arobaini kwa sababu Jumapili sita hazihesabiwi kuwa za kufunga. Anayekagua hesabu hiyo kwa kutoa tarehe moja kutoka nyingine ataiona ina kasoro, kumbe wenye kuifunga wanajua vyema wanachokihesabu.

Kisa cha watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf ya Kurani kinaligusa jambo lenyewe kwa ukaribu zaidi. Vijana wale, walipoamka, walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Kisha inatajwa miaka mia tatu na kuongezwa tisa, na baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba miaka 300 ya jua ni karibu sawa na miaka 309 ya mwezi. Muda mmoja, basi, una maonyesho mawili ya kalenda yasiyopingana, na kando yake upo muda mwingine, ule ulioonwa na waliolala, ambao hauingii katika kalenda yoyote. Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1889, aliutenga muda huu wa ndani na ule wa saa ya ukutani, naye John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alionyesha jinsi jamii za wafugaji wa Ankore nchini Uganda zilivyoigawa siku kwa shughuli za ng'ombe, kama kukamua na kunywesha maji. Madai ya Mbiti kuhusu nafasi ya wakati ujao katika fikra za Kiafrika yamepingwa na wengi, tena kwa hoja nzito, lakini hoja yake kwamba kipimo cha muda hutokana na kazi inayofanywa ndani yake inasimama imara.

Baadhi ya waandishi wa programu wameuelewa mgawanyiko huu. Lugha ya Java, tangu toleo lake la mwaka 2014, imetenga aina mbili za muda: ule unaohesabiwa kwa sekunde, na ule unaohesabiwa kwa miaka, miezi na siku. Kutenga huko kuna maana, kwa kuwa katika nchi zinazobadili saa kwa majira, kama Ufaransa, siku moja ya kalenda huweza kuwa na saa 23 au 25, na aliyeahidi kurudi baada ya siku moja hakuahidi kurudi baada ya saa 24 kamili.

Uhuru wa kuchagua maonyesho una mpaka wake, nao ni haki. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli kwa kosa hilo hilo. Muda wa kibarua hupunjwa kama nafaka inavyopunjwa. Maktaba ya msimbo iitwayo Moment.js, katika maonyesho yake ya maneno, huita dakika 45 saa moja, na dakika 89 pia huziita saa moja. Kwa kueleza ujumbe ulitumwa lini, ukadiriaji huo unafaa kabisa. Ukiingizwa katika hesabu ya ujira, kazi ya dakika 89 italipwa sawa na ya dakika 45, na mlipaji ataweza kusema kwamba ndivyo kompyuta ilivyohesabu. Kwa hiyo ukadiriaji ufanywe wakati wa kuonyesha tu, baada ya kujumlisha, na kamwe usiguse kumbukumbu iliyohifadhiwa.

Kutokana na hayo, mwandishi wa programu ana wajibu wa kuhifadhi mwanzo na mwisho bila kuvigusa, kuuhifadhi muda uliotamkwa kwa miezi au siku kama ulivyotamkwa, na kuiweka fasili ya siku na mwezi mahali ambapo mtumiaji ataiona na kuweza kuibadilisha. Mtumiaji naye, hasa anayelipwa kwa saa, aulize siku iliyo katika ripoti yake ina saa ngapi kabla ya kutia saini. Na kama programu ni huria, jibu limo ndani ya msimbo, na hakuna mwenye mamlaka ya kumzuia kuusoma.