Nani Mwizi wa Kitabu?

Tangu niache chuo, vitabu vingi nimevisoma kwa simu: PDF za bure zinazozunguka WhatsApp. Ni wizi? Ndiyo. Mimi pia huandika, na nisipolipwa, hapa Mamboleo nalala njaa.

Lakini mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ilianza kutoza vitabu asilimia 16. Cha shilingi 1,000 kikawa 1,160. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kutoza mkate hiyo 16, vijana tulijaa barabarani, Kisumu ikiwemo. Kwa vitabu tulinyamaza, tukapakua.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Anayesoma vya wizi hana mdomo wa kulalamikia bei. Serikali haisumbuliwi, anayelipia ukimya wetu ni mwandishi.