Kazi ya Mungu Haina Makosa

Ukifika msibani Mandewa, hapa Singida, hata kabla hujakaa kwenye benchi chini ya turubai, utakuwa umeshaisikia: kazi ya Mungu haina makosa. Anaisema mzee anayekupa mkono, anaisema jirani anayepitisha daftari la rambirambi, anaisema mwenyekiti wa mtaa kabla ya kusoma ratiba ya mazishi. Waislamu na Wakristo wanaitumia sawasawa. Tumeizoea mno, hata hatujiulizi inadai nini. Nayo inadai jambo zito: kwamba Mungu mwenye huruma, aliyekuwa na uwezo wa kuzuia kifo hiki, hakukizuia, na hakukosea.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 dai hilo lilipimwa jirani kabisa na sisi, Katesh, kwenye barabara ya kutoka Singida kwenda Babati. Sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka, na tope, mawe na miti vikaporomokea mji na vijiji kama Gendabi. Waliokufa walizidi 80. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Wakristo wanaanza kumngojea Mwokozi. Lisbon nako, huko Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, tetemeko liliwakuta watu makanisani kwenye Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mwandishi Mfaransa Voltaire akawauliza kwa ukali wale waliofundisha kwamba ulimwengu huu umepangwa vizuri kuliko wowote unaowezekana: walikosa nini watoto wachanga?

Wapo wanaojibu kwamba maovu yanatokana na uhuru wa binadamu. Jibu hilo lina nguvu, na sisi wa mkoa huu tunao ushahidi wake. Kati ya 1917 na 1920 Wagogo, pamoja na wale wa upande wa Manyoni, walipatwa na njaa waliyoiita Mtunya. Mvua zilikatika, ni kweli. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yameshabeba nafaka, yameswaga mifugo na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Katika Ugogo walikufa watu wapatao 30,000. Kuiita njaa ile kazi ya Mungu, tukanyamaza hapo, ni kumsingizia. Vivyo hivyo kijana wa bodaboda akigongwa usiku na lori lisilo na taa: methali hii haikutungwa imfunike mwenye lori.

Ila tope la Hanang halikuagizwa na jemadari yeyote. Hapo wanafalsafa hutupa jibu jingine, kwamba ulimwengu unaotegemeka ni lazima uwe na kanuni zisizopindishwa kila mara kwa ajili ya mtu mmoja. Hanang ni volkano ya zamani. Udongo wenye rutuba uliotokana na volkano na mteremko ulioporomoka ni vya mlima mmoja, na mvua inayootesha ngano ndiyo iliyolowesha mwamba. Naliheshimu jibu hili. Naamini lina ukweli ndani yake. Lakini jaribu kumwambia baba anayechimbua tope akimtafuta mwanawe, uone kama utalimaliza.

Ndiyo maana naona uzito wa methali uko kwa anayeisema. Nabii Ayubu, anayeheshimiwa msikitini na kanisani, alifiwa na watoto kumi kwa siku moja, na bado akalihimidi jina la Mungu. Ilikuwa kauli yake, kutoka kwenye kidonda chake, na hakuna aliyemlazimisha. Rafiki zake watatu walikuja wakakaa naye chini siku saba bila neno, na mpaka hapo walifanya vema. Wakaharibu walipoanza kueleza: lazima ulitenda dhambi, Mungu haadhibu bure. Ayubu akalalamika, akamdai Mungu ampe sababu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, waliokuwa wakimtetea, na akasema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa.

Mfiwa akisema kazi ya Mungu haina makosa, anafanya tendo kubwa la imani: sielewi, naumia, na bado simwachi Mungu wangu. Maneno yaleyale yakitoka kwa sisi tuliokwenda kutoa pole, mara nyingi yanakuwa amri ya kumtaka anyamaze. Tunayatanguliza kwa sababu kilio chake kinatutisha. Kazi yetu pale iko wazi, na watu wa Mandewa wanaijua: kuchota maji, kupasua kuni, kuchimba kaburi, kulala matangani, kurudi tena wiki ya tatu wengine wakiwa wameshasahau. Mama mfiwa akiisema methali mwenyewe, tumwitikie. Akisema Mungu amemkosea, tumwache aseme, tuendelee kukaa naye. Ayubu alisema makali kuliko hayo, na Mungu hakumfukuza.