Gitaa Lingali kwa Fundi

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa shule na baba wa watoto watatu, ametuletea swali ambalo kwanza lilitufanya tutabasamu, kisha likatufanya tufikiri sana. Yeye hupiga gitaa la besi katika kwaya ya parokia yake. Kwa miaka mitatu alijiwekea akiba, mkewe akijua na kukubali, hata akamwagiza fundi mmoja wa Ulaya amtengenezee gitaa lake mwenyewe, kwa kipimo cha mkono wake na kwa mbao alizozichagua. Nusu ya bei amekwisha kulipa. Fundi aliahidi miezi minane. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Mwalimu auliza: je, nimekosa kwa kuagiza kitu cha bei kubwa namna hii? Na je, nimtendeje fundi huyu?

Lakini mwishoni mwa barua yake aongeza neno moja, kana kwamba halina uzito: tangu alipoagiza gitaa hilo, ameacha kupiga lile kuukuu la kwaya, kwani sauti yake yamchukiza. Twaona ya kuwa neno hilo la mwisho ndilo swali lenyewe. Hata hivyo, na tuanze mwanzo.

Gitaa la besi la umeme si chombo cha zamani sana. Lilianza kuenea tangu mwaka 1951, pale Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton katika California, alipotoa gitaa lake la besi lenye nyuzi nne. Kabla yake wapigaji walitumia besi kubwa ya mbao, yenye kimo cha mtu, ngumu kubebwa, na sauti yake ilimezwa upesi na tarumbeta na ngoma. Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alitengeneza ili wengine wapige. Na kazi ya chombo hicho ni ya unyenyekevu: hushika msingi wa wimbo, wala hakitafuti kuonekana. Wengi hawakisikii mpaka siku kinaponyamaza.

Je, yafaa Mkristo kutoa fedha nyingi kwa chombo kama hicho? Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha filimbi heshima ya kwanza, lakini ukaruhusu vyombo vingine pia kwa idhini ya wakuu wa Kanisa, mradi vyafaa kwa ibada, vyalingana na heshima ya hekalu, na vyawajenga waamini. Tena Kitabu cha Kutoka chatusimulia habari za Besaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake apate ustadi wa kuchonga mawe na miti na kufua dhahabu. Mungu hadharau kazi njema ya mikono. Basi hatutamhukumu mwalimu kwa bei ya gitaa peke yake. Twamwuliza maswali mengine: je, karo ya watoto imelipwa? Je, mama mzee kijijini anapata dawa? Je, maskini agongaye mlangoni bado apata kitu? Kama majibu ni ndiyo, hakukosa. Kama mojawapo ni siyo, yampasa kutengeneza hilo kwanza.

Na fundi je? Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, nayo huwafunga wote wawili. Aagizaye hununua, pamoja na mbao na nyuzi, ahadi ya mtu. Na ahadi ni deni. Lakini na tuangalie jinsi kazi yenyewe ilivyo. Nyuzi za besi, zikikazwa, huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, mchana na usiku, miaka yote. Ikiwa mbao haikukauka vema, itajipinda, na gitaa halitaimba tena sawasawa hata likikazwa na ufito wa chuma uliomo shingoni. Gundi nayo yataka siku zake, na vanishi vilevile. Mwalimu aliomba ubao wa vidole uwe wa mpingo, mti uotao kusini mwa nchi yetu, ambao huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Tangu mwaka 2017 biashara ya mbao zake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya vibali vya mkataba wa kimataifa, ili mti huo usije ukamalizwa. Ataka mti ulioanza kukua kabla hajazaliwa, kisha aona miezi kumi na minne ni mingi!

Hata hivyo hatumwondolei fundi wajibu wake. Kuchelewa kwaweza kuwa uaminifu; kunyamaza ni dhuluma. Aliyepokea fedha ya mtu yampasa kumwarifu kazi imefika wapi na kwa nini imekwama. Mwalimu na aandike kwa adabu, aulize wazi, apange siku mpya pamoja naye. Kama hajibiwi kabisa, ana haki kudai fedha yake, wala kudai hivyo si ukosefu wa upendo. Naye kwa upande wake asibadili nia kila mwezi, na salio alipe siku ile kazi itakapokamilika, kwani Maandiko yanakataza ujira wa mfanyakazi kulala kwetu hata asubuhi.

Sasa twarudi kwenye lile neno la mwisho. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu akikawia kutupa, huipanua tamaa ya moyo, kama mtu anyoshavyo mfuko ili uingie kitu kingi zaidi. Kungoja basi kwaweza kututajirisha. Lakini kuna kungoja kwa namna mbili. Mkulima anayengoja mvua hulima, hung'oa visiki, huchagua mbegu; mvua ikija yamkuta tayari. Mwingine hukaa kizingitini akilaumu mawingu. Wote wawili wangoja, ila mmoja tu atavuna. Kanisa nalo katika Majilio lamngoja Bwana, wala halifungi milango mpaka ajapo. Mtumwa aliyesifiwa katika Injili ni yule ambaye bwana wake, ajapo, atamkuta akifanya kazi.

Huenda mwalimu atajibu: Mungu astahili kilicho bora, nalo gitaa lile ni bovu. Ni kweli, Mungu astahili kilicho bora. Lakini kilicho bora ni kati ya vile tulivyo navyo leo. Mjane yule hekaluni hakungoja mpaka apate dhahabu. Alitoa senti zake mbili. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Tena, vidole visivyopiga kwa miezi kumi na minne hupoteza wepesi wao. Gitaa jema litakapofika litaangukia mikono iliyosahau kazi, na kwaya iliyokwisha zoea kuimba bila yeye.

Wala tusimcheke mwalimu, maana sisi sote tumo katika barua yake. Wangapi wanaishi pamoja miaka mingi bila Sakramenti ya Ndoa, wakingoja fedha ya karamu? Wangapi hawajapatana na ndugu zao, wakingoja siku ifaayo? Wazazi wangapi watasali na watoto wao nyumba mpya itakapokwisha? Hata sisi wa kalamu twajua jaribu la kuahirisha sala mpaka kazi ipungue, nayo kazi haipungui. Kitu chema tunachokitazamia chaweza kutuibia kitu chema kilichopo mkononi, na wizi huo hatuuungami, kwa kuwa tumeuita subira.

Shauri letu kwa mwalimu ni hili. Aandike barua kwa fundi wiki hii. Kisha Jumamosi, wanakwaya wakikutana kwa mazoezi, alishushe gitaa lile kuukuu, alifute vumbi, akaze nyuzi zake, na apige. Lile la mpingo likifika, tutafurahi pamoja naye. Lakini Misa ya Dominika hii haitarudi, nayo yahitaji besi.