Mfarishi wa Waamishi, Sindano ya Wahmong

Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya kale ukutani kama michoro, ya Waamishi ikiwamo. Baada ya hapo matandiko hayo ya vitambaa vilivyounganishwa, na pamba iliyoshindiliwa katikati, yakawa mali ya kusakwa. Watalii walimiminika Lancaster, Pennsylvania, kwa Wakristo hao wanaosafiri kwa magari ya farasi, wakanunua. Wengi waliamini wanaondoka na kitu zaidi ya tandiko: walidhani ucha Mungu wa mshonaji umo ndani ya mshono.

Kumbe kufikia miaka ya 1980, maua mengi yaliyopamba mifarishi ya madukani yalibandikwa na wanawake wa Kihmong kutoka milima ya Laos.

Wahmong wengi walipigana upande wa Marekani katika vita vya Laos. Mambo yalipogeuka mwaka 1975, walivuka mto Mekong kwa maelfu wakaingia Thailand, wakakaa kambini, Ban Vinai ikiwa mojawapo kubwa. Kutoka huko wengine walihamishiwa Minnesota na California, na wachache wakapokewa Lancaster kwa msaada wa makanisa ya Wamenoni, ndugu wa Waamishi kiimani. Kiingereza hawakukijua. Sindano waliijua tangu utotoni.

Na waliijua kweli. Mshonaji hulaza kitambaa juu ya kingine cha rangi tofauti, hukata cha juu kwa mkasi kufuata mzunguko wa gamba la konokono, kisha kwa ncha ya sindano huukunja ukingo ndani, kidogo kidogo, na kuushikiza kwa mishono ambayo jicho hulazimika kuitafuta. Mkono uliozoea kazi hiyo hausumbuliwi na ua la waridi la Pennsylvania.

Lakini katika dini ya mababu zao, udarizi si pambo tu. Mbeleko hutiwa nakshi ili roho ya mtoto isipotee. Kofia ya kitoto hujazwa maua ili pepo mbaya akipita adhani ameona ua, si mtoto. Maiti huvikwa nguo zilizoshonwa na watu wake ili mababu wamtambue afikapo. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu: kama mkono uleule unashona mbeleko usiku na mfarishi wa duka mchana, je, ulinzi ule unahamia kwenye kitanda cha mtalii?

Ukiufuata mwenendo wa Wahmong wenyewe, jibu ni hapana. Mbeleko ina nguvu kwa sababu mama au bibi ameishona kwa ajili ya mtoto huyu, wa ukoo huu. Ondoa uhusiano huo, kinachobaki ni ufundi, nao unauzika bila kufuru yoyote. Waamishi nao, kwa njia yao, hawako mbali. Kwao majivuno ni dhambi, na mfarishi wa zamani wa Lancaster ulikuwa wa rangi zisizo na maua, wa miraba na mistari, wa kutandika kitandani. Yale maua ya dukani yalikuwa ya soko. Tena sanaa yenyewe hawakuja nayo kutoka Ulaya walipohamia Pennsylvania karne ya 18; waliichukua baadaye kwa majirani zao wazungumzao Kiingereza. Mhamiaji alijifunza kwa jirani, kisha mhamiaji mwingine akaja kushonea soko lake.

Kwa hiyo dini iliyomo kwenye mfarishi wa duka iliwekwa na mnunuzi. Ni yeye aliyetaka sala ya mtu mwingine, iliyokwisha kusaliwa, ya kukunjwa na kutiwa kwenye sanduku. Ndiyo maana baadhi ya wanunuzi walihisi wametapeliwa walipopata habari, ingawa mshono ulikuwa safi vilevile na mara nyingi mwanamke wa Kiamishi ndiye aliyemalizia kazi ya kuunganisha tabaka. Baadhi ya wenye maduka walinyamaza makusudi, na ukimya huo una doa lake, kwani ulimnyima mshonaji sifa na ukamwachia mnunuzi ndoto yake. Hata hivyo, aliyemwambia mteja kwamba mfarishi umeshonwa na wanawake wa hapahapa Lancaster hakusema uongo.