Saa Moja ya Jirani

Jioni moja ya Februari 1965, huko California, mama mmoja mjamzito alikuwa akimwogesha binti yake. Alikuwa amerudi kutoka kazini, amechoka kama mama yeyote anavyochoka, na mtoto hakujali uchovu huo. Alitaka maji na povu. Ghafla kichwa kikaanza kumuuma kwa namna ambayo hakuwahi kuumwa. Mishipa ya damu ilikuwa imepasuka ndani ya ubongo. Kabla hakujapambazuka alikuwa mikononi mwa madaktari wa upasuaji. Alikuwa na umri wa miaka 39, na aliitwa Patricia Neal.

Huenda jina hilo hulijui, na si neno. Alizaliwa 1926 Packard, Kentucky, kwenye kambi ya wachimba makaa ya mawe, akakulia Knoxville, Tennessee. Alipokuwa binti wa miaka ishirini na ushee alikwishapanda majukwaa ya New York, na mwaka 1947, tuzo za Tony zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, naye alipewa yake kwa tamthilia iitwayo Another Part of the Forest. Hollywood ikamwita. Mwaka 1963 akaigiza katika Hud, pamoja na Paul Newman, akiwa Alma, mtumishi wa nyumbani anayepika na kuosha vyombo vya wanaume wa familia ya wafugaji. Si nafasi kubwa ukiitazama kwa dakika. Lakini ile sauti yake nzito, na ule uchovu wenye ucheshi, vilimpatia Oscar ya mwigizaji bora wa kike Aprili 1964.

Miezi kumi baadaye ndiyo ikaja ile jioni ya kuogesha mtoto. Gazeti moja la mambo ya filamu likachapisha kwamba amekufa. Hakuwa amekufa, alikuwa amepoteza fahamu, na alikaa hivyo kwa majuma kama matatu. Filamu aliyokuwa ameianza na mwongozaji John Ford ilipewa mwigizaji mwingine, Anne Bancroft. Patricia alipofumbua macho, upande wa kulia ulikuwa umepooza, kusoma hakuwezi, na maneno, ambayo ndiyo yaliyokuwa kazi yake, yalikuwa yamemtoka.

Hapo naomba tutulie kidogo, mpendwa. Umewahi kumtazama mtu wa kwenu aliyepigwa na kiharusi akitafuta neno dogo tu, labda "maji" au "mlango"? Unaliona liko karibu na ulimi wake. Unatamani umtajie upesi ili aibu imwondoke. Yeye anakutazama, anajua kwamba unajua, na machozi yanamlengalenga. Sijui kama kuna upweke unaozidi huo.

Familia ilirudi nyumbani Uingereza, kijiji cha Great Missenden. Mume wake alikuwa Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. (Wasomaji wetu wa Dar es Salaam, huyu aliwahi kuishi mjini kwenu kabla ya Vita Kuu ya Pili, akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, na Kiswahili alijifunza.) Dahl alikuwa mtu wa kuamua na kutenda. Aliona kwamba muda mfupi wa mazoezi ya hospitali hautamrudisha mke wake, akaamua nyumba yenyewe iwe darasa. Patricia alipotaka kitu, alinyimwa mpaka akitaje. Baadaye Patricia alikiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba nyakati zile alimchukia mumewe, na kwamba bila yeye asingesimama tena. Mimi sikushauri umwige Dahl katika ukali. Mgonjwa si kuruta. Wapo waliouguzwa kwa namna hiyo wakavunjika moyo kabisa.

Kinachonivuta zaidi ni majirani. Dahl aliwaomba watu wa kijijini waje kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, ili Patricia awe na mtu wa kufanya naye kazi kwa muda wa saa sita kila siku. Hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa watu wa kawaida wenye shughuli zao, wana chakula jikoni na nguo za kufua. Anakuja mmoja, anakaa naye mezani, wanasoma kitabu cha watoto, wanajumlisha hesabu za darasa la kwanza, wanatafuta majina ya vitu. Saa ikitimia anaondoka, mwingine anabisha hodi. Kesho hivyo hivyo. Mmoja wao, Valerie Eaton Griffith, alikwenda kwa muda mrefu kuliko wote na akaisimamia kazi hiyo ingawa hakusomea utabibu. Mwaka 1970 aliandika kitabu kuhusu njia waliyoifuata, na kutokana na kazi yake kukazaliwa nchini Uingereza mpango wa watu wa kujitolea wanaowatembelea waliopatwa na kiharusi.

Unawakumbuka wale wanaume wanne wa Injili ya Marko, sura ya pili, waliombeba mwenzao aliyepooza hadi juu ya dari? Mara nyingi tunahubiri juu ya ile siku waliyotoboa paa. Mimi hujiuliza kuhusu siku zilizotangulia. Nani alikuwa akimgeuza asipate vidonda? Nani alimletea uji? Imani ambayo Yesu aliiona siku ile, nadhani, ilikuwa imezoea kubeba mkeka kabla ya siku ile kufika. Je, wewe una mkeka wa nani unaoujua uzito wake?

Agosti 1965 Patricia alijifungua salama mtoto wa kike, Lucy. Machi 1967 alisimama New York mbele ya hadhira, kwenye chakula cha jioni cha kuchangia watoto wenye majeraha ya ubongo, akatoa hotuba ambayo Valerie alikuwa amemsaidia kuikariri sentensi kwa sentensi. Mwaka uliofuata akarudi kwenye filamu, The Subject Was Roses, akicheza mama wa Bronx ambaye ndoa yake imepoa. Alitajwa tena miongoni mwa waliowania Oscar. Mguu uliendelea kuchechemea, na kumbukumbu haikurudi yote.

Lakini nisikupe hadithi ya ushindi tu, maana maisha yake hayakuwa hivyo. Kabla ya kiharusi nyumba ile ilikuwa imekwisha kulia. Desemba 1960 mtoto wao wa kiume, mchanga bado, aligongwa na teksi akiwa kwenye kigari chake huko New York, akaumia kichwani. Novemba 1962 binti yao wa kwanza, Olivia, alifariki kwa surua iliyopanda kwenye ubongo. Alikuwa na miaka saba. Chanjo ya surua ilianza kutolewa Marekani mwaka uliofuata.

Baada ya msiba huo wazazi hao walikwenda kutafuta faraja kwa Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu mstaafu wa Canterbury, ambaye zamani alikuwa mwalimu mkuu wa Dahl shuleni. Dahl alisimulia baadaye kwamba askofu aliwahakikishia Olivia yuko peponi. Akauliza kuhusu mbwa ambaye mtoto alimpenda sana: je, naye watakuwa pamoja? Askofu akakataa, na uso wake ukaonyesha kwamba swali lenyewe halikustahili. Dahl akatoka pale akiwa amelipa Kanisa kisogo.

Mpendwa, sisemi haya ili kumshitaki marehemu. Yawezekana alijibu alivyofundishwa. Lakini sisi tunaoingia kwenye nyumba za matanga, wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, na wewe pia unayekwenda kumpa pole jirani, tulitazame tukio hili vizuri. Baba yule hakuwa anauliza somo la theolojia. Alikuwa anauliza kama mtoto wake yuko peke yake. Mzazi aliyefiwa anapouliza jambo linaloonekana dogo, huwa ameweka humo moyo wake wote. Si lazima tuwe na jibu. Tungeweza kusema, "Niambie habari za huyo mbwa," kisha tukanyamaza tumsikilize.

Tuje sasa kwenye msamaha, ambao ndio ulionifanya nimchague mwanamke huyu wiki hii. Alipofika Hollywood akiwa kijana, Patricia alimpenda mwigizaji mwenzake katika The Fountainhead, Gary Cooper, mtu mwenye mke na binti. Uhusiano ule ulidumu miaka kadhaa, ukaiumiza nyumba ya Cooper, na ukamwachia Patricia majuto mazito ambayo aliyaeleza mwenyewe kitabuni mwake bila kujificha. Binti wa Cooper, Maria, akiwa angali msichana mdogo, alimtemea mate mbele ya watu. Nani angemlaumu? Mtoto alikuwa anatetea nyumba ya mama yake.

Maria alikua. Miaka ilipita, akamwandikia Patricia barua, akamsamehe. Na wakati ndoa ya Patricia ilipokuwa ikivunjika, kwa sababu mumewe naye alikuwa amempenda mwanamke mwingine (waliachana 1983), Maria huyo huyo ndiye aliyemwonyesha mahali pa kwenda kupumzisha roho: Abasia ya Regina Laudis, mji wa Bethlehem, Connecticut. Ni watawa wa kike Wabenedikti, wa familia ile ile ya kitawa tunayoifahamu Peramiho na Ndanda. Humo alimkuta Dolores Hart, aliyewahi kuigiza na Elvis Presley kabla ya kuingia utawani 1963.

Hebu fikiri: aliyemtemea mate akiwa mtoto ndiye aliyemfungulia mlango wa sala. Na Patricia alifika akiwa amegeuziwa kibao. Alikuwa ameonja sasa, kwa kinywa chake, kile alichowahi kumpa mke wa mwingine. Hakufika amepoa, alifika na hasira, na watawa hawakumfukuza kwa ajili ya hasira hiyo. Walimpa kitanda, kazi, saa za sala, na nafasi ya kuyaandika yaliyompata, hata kikatoka kitabu chake As I Am mwaka 1988. Msamaha wa kweli huchukua muda wake. Unaweza kusema "nimekusamehe" Jumapili, na Jumanne ukakuta uchungu umerudi. Huo si unafiki. Unasema tena Jumanne. Kama kuna mtu ambaye umemsamehe mara nyingi kwa kosa lile lile moja, usidhani kwamba Mungu anakuhesabu kuwa umeshindwa.

Kwenye viwanja vya abasia hiyo kuna jukwaa la maigizo ambalo Patricia alisaidia kulianzisha. Limepewa majina mawili: Gary na Olivia. Gary ni yule baba yake Maria. Olivia ni binti aliyeondoka na surua. Sioni kwamba waliokubali majina hayo walitaka kuipamba dhambi. Nadhani walikubali kwamba kilichopendwa vibaya na kilichopotea mapema vyote viwili vinaweza kuwekwa mikononi mwa Bwana, bila kuficha jina.

Patricia alipokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 2010, miezi michache kabla ya kufa. Alifariki Agosti 8 mwaka huo, akiwa na miaka 84, akazikwa pale pale kwa watawa. Knoxville, alikokulia, kuna kituo cha kuwasaidia waliopatwa na kiharusi na majeraha ya ubongo chenye jina lake, kilichofunguliwa 1978. Watu wengi wanaoingia hapo hawajawahi kuona filamu yake hata moja.

Sasa nina ombi moja kwako. Mtaani kwenu, au katika jumuiya yenu, yuko mtu aliyepooza ambaye wiki za kwanza nyumba yake ilijaa wageni na sasa haendi mtu. Mnamjua. Chagua siku moja wiki hii, uende ukakae naye saa moja. Usiende na mahubiri. Beba gazeti, au karata, au mchicha mchambue pamoja, na akitafuta neno, msubiri alipate mwenyewe. Kisha umwombe ndugu mwingine kanisani achukue siku inayofuata.